Msitu Uliogawiwa kwa Kalamu

Athi River ni mji wa saruji, nyama na mawe. Kampuni ya East African Portland Cement, iliyoasisiwa mwaka 1933, na Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, ndizo zilizoupatia umaarufu. Msitu haukuwahi kuhesabiwa miongoni mwa sifa zake. Mbuga za Athi ni nyika tambarare ya nyasi, na mti mrefu ndani yake huonekana kwa mbali kama mgeni aliyepotea njia. Lakini hebu simama siku moja katika njia panda ambapo barabara ya Namanga huungana na ile ya Mombasa. Utayaona malori yaliyosheheni mbao, mengine yametoka katika mashamba ya misonobari ya Sao Hill huko Mufindi, Tanzania, yakielekea Nairobi. Tangu serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, maseremala wetu wamezizoea mno mbao za jirani. Rais alitangaza mwezi Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, suala lenyewe likapelekwa mahakamani, na malori hayakukoma kupita.

Mwanafunzi mwenye macho atauliza: nchi iliyojaliwa mierezi na miti ya podo ya kimo kile, kutoka Mau hadi Timboroa, imekuwaje ikawa mnunuzi wa mbao? Swali hilo lina majibu mengi, na mengine yanahusu wizi wa juzi na jana ambao sote tunaujua. Hata hivyo, sehemu moja ya jibu ni ya zamani, nayo inaanzia kwa mtu mmoja, mkewe, rafiki yake na kipande cha karatasi. Mtu huyo ni Ewart Scott Grogan, ambaye vitabu vya walowezi humtaja kwa fahari miongoni mwa waanzilishi wa Kenya, na ambaye alikuwa mwenye kiwanda cha kupasulia mbao kabla ya wengi wa wale waliomfuata.

Neno hilo "mwanzilishi" lingefaa lisimamishwe kizimbani na kila mwalimu wa historia. Nitarudi kwalo.

Grogan alizaliwa London mwaka 1874, mmoja wa watoto 21 wa baba yake. Alisoma katika shule ya Winchester, kisha chuo cha Jesus huko Cambridge, na kote kuwili alifukuzwa kwa utundu. Mwaka 1896 alikuwa Rhodesia, akipigana upande wa wakoloni dhidi ya Wandebele. Baadaye alikwenda New Zealand, nyumbani kwa rafiki yake wa Cambridge, na huko akampenda dada wa rafiki huyo, Gertrude Watt, binti wa familia yenye mali iliyosemekana kuwa ya ukoo wa James Watt, yule wa injini ya mvuke. Baba wa kambo wa msichana hakupendezwa na mposaji asiye na kazi wala shahada. Grogan akaahidi kuthibitisha uanaume wake kwa kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Aliondoka Beira mwaka 1898 pamoja na Arthur Sharp, ambaye alikatiza safari njiani. Grogan aliendelea na akafika Cairo mapema mwaka 1900. Mwaka huohuo alioa, na kitabu chake cha safari, From the Cape to Cairo, kikachapishwa.

Hadithi hii ya mapenzi imesimuliwa mara nyingi, na sishangai, kwa kuwa ni tamu. Ila tamu hiyo ina watu waliosahauliwa. Mtu hakuvuka Afrika akiwa peke yake mwaka 1899. Alikuwa na wapagazi, watu waliobeba mahema, risasi, vyakula na maji, wengine wakiugua na wengine wakitoroka njaa na hofu. Hakuna hata mmoja wao aliyeahidiwa mchumba mwishoni mwa safari, na wala majina yao hayakupewa mtaa. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndiyo sura ya maisha yote ya Grogan: jina moja juu, mikono mingi chini.

Mwaka 1904 Grogan alifika Nairobi. Mji ulikuwa na umri wa miaka mitano tu, kwa kuwa reli ya kutoka Mombasa, baada ya kuzivuka mbuga za Athi, ilifika hapo mwezi Mei 1899. Ulikuwa mji wa mabati na matope. Mbao zilihitajika kwa nyumba, maghala, vyumba vya stesheni, mikokoteni na fanicha. Injini za reli zenyewe zilikuwa zikichoma kuni, na zikaendelea kuchoma kuni kwa miaka mingi. Aliyeweza kupata msitu karibu na reli alikuwa amepata mgodi. Grogan alilifahamu hilo mara moja, naye akaja na mwenzake, Lingham, tajiri aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya mbao. Kwa pamoja wakaomba kwa Kamishna, Sir Charles Eliot, haki ya kuvuna msitu wa Eldama Ravine, ule unaojulikana kama Lembus, katika nchi ya Watugen.

Eneo la mwanzo lililotajwa lilikuwa ekari 64,000. Kwa mwanafunzi wa Athi River, ambaye kwake ekari elfu ni neno tu, tulinganishe na kitu anachokiona ng'ambo ya mto. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi. Ekari 64,000 ni kama kilomita za mraba 259. Basi waombaji hao waliomba, kwa kuanzia, msitu unaozidi mbuga hiyo mara mbili. Mabishano juu ya masharti yalidumu zaidi ya muongo mmoja, maafisa wa misitu wakinung'unika kwamba mwenye kukodishwa anapewa mengi na kulipa kidogo. Mkataba wenyewe ulikamilika mwaka 1916, huku dunia ikiwa vitani. Grogan alikuwa na ustadi mkubwa kuliko wa kukata miti, nao ni kujua mlango upi wa ofisi ubishwe na lini.

Katika mabishano hayo yote ya barua na ramani, kundi moja halikuitwa mezani. Msitu wa Lembus haukuwa tupu. Watugen walikuwa wakilisha ng'ombe na mbuzi katika malisho ya ndani yake wakati wa kiangazi, wakati nyanda za chini za Baringo zinapokauka. Walitundika mizinga humo, wakaokota kuni, wakapata dawa na fito za kujengea. Palikuwa pia na jamii za wawindaji na warina asali ambazo kwao msitu ulikuwa ndiyo nyumba, ghala na madhabahu. Kwa sheria ya wakati ule, matumizi ya namna hiyo hayakuitwa miliki. Ardhi isiyokuwa na ua wala hati ilikuwa ya Mfalme wa Uingereza, na Mfalme aliweza kumkodisha amtakaye.

Hapa ndipo historia ya Lembus inapokuwa tofauti kidogo na ya misitu mingine, na ingefaa ijulikane zaidi mashuleni. Watugen hawakuondoka. Waliendelea kuingiza mifugo yao, mkodishwaji akalalamika, maafisa wa misitu wakalalamika, na maafisa wa wilaya, ambao ndio waliokuwa wakikutana uso kwa uso na wazee, wakaona kwamba hapana nguvu ya kuwatoa. Mwaka 1923, wakati wa gavana Sir Robert Coryndon, serikali ililazimika kuziandika haki za Watugen ndani ya msitu ule: kulisha na kunywesha mifugo, kuokota kuni, kurina asali na kuchukua mazao ya msitu kwa matumizi ya nyumbani. Tamko hilo halikuwarudishia msitu. Lakini lilikuwa ni kukiri, kwa maandishi ya mkoloni mwenyewe, kwamba kalamu ya 1916 iliandika juu ya ukurasa ambao tayari ulikuwa na maandishi. Kwa miongo iliyofuata, kila mzee wa Lembus aliyegombana na askari wa msitu alikuwa na karatasi ya kushika mkononi. Ni nadra sana katika Kenya ya miaka ile.

Tuje sasa kwenye mbao zenyewe. Kiwanda cha Grogan kiliitwa Equator Saw Mills, na kituo chake kikuu kilikuwa Maji Mazuri, karibu na mstari wa ikweta. Kupasua mbao milimani hapo hakukuwa kazi nyepesi. Mwerezi wa Kenya, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, Wamaasai oltarakwai na Wakalenjin tarakwet (majina matatu ambayo masikio yatayatambua kuwa ni ndugu), ni mti usioliwa na mchwa kwa urahisi, na kwa hiyo ulifaa sana kwa nguzo, ua na mapaa. Lakini unakua polepole mno. Mkubwa wake ni wa zaidi ya karne moja. Tena mierezi mingi mikongwe imeoza moyo. Fundi anaweza kuangusha mti wa kuvutia, akauchana, akakuta ndani ni uvungu na vumbi. Hasara hiyo yote ilibaki msituni, na hakuna aliyeitia katika hesabu. Podo haina kasoro hiyo kwa kiasi kile. Mbao zake ni nyeupe na laini kwa randa, nazo zikawa ndizo za sakafu, dari na milango ya miji mipya.

Kabla ya mashine, mbao zilipasuliwa shimoni: gogo huwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake akaingia chini, wakavutana na msumeno mrefu kutwa nzima, yule wa chini akila vumbi la mbao. Kiwanda cha mvuke kilibadilisha mwendo huo. Tanuri lililishwa mabaki ya magogo, mikanda ikazungusha misumeno ya duara, na kazi ya wiki ikawa ya siku. Gogo bado lilihitaji kufika kwenye msumeno, na kazi hiyo ilibaki ya mafahali na watu. Miteremko ya huko ni mikali, mvua yake haina msimu wa kuaminika, na gogo linaloteleza halichagui mguu wa kuvunja.

Watu hao walitoka wapi? Wengine walikuja kutafuta fedha ya kodi ya kibanda, ambayo haikupokewa kwa mbuzi wala kwa mtama. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika aliyetoka katika eneo lake alilazimika kubeba kipande, na mwajiri akiandika neno baya humo, mlango wa kazi nyingine ulifungwa. Mafundi wa mashine na maseremala mara nyingi walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga, ambao hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika milima ile lakini bila wao misumeno isingezunguka. Si ajabu kwamba baadaye wengi wao walikuja kuwa wenye viwanda. Huko Tanga na Uganda jina la Sikh Saw Mills lilikuja kuwa kubwa kuliko la kiwanda cha mlowezi yeyote.

Halafu ikaja reli ya Uasin Gishu. Ilijengwa kuanzia mwaka 1921, ikitoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, kisha ikateremkia Eldoret. Ni kazi ya uhandisi ya kustaajabisha, hilo tusimnyime mtu. Wakosoaji wa wakati ule waliuliza kwa nini njia iliyochaguliwa ilipita ndani ya msitu aliokodishwa Grogan. Yeye alikuwa mwanasiasa mwenye sauti na mzungumzaji wa kutisha, na alikuwa na wasikilizaji wake serikalini. Reli ilipopita, mbao za Maji Mazuri zilikuwa zimepata njia ya kwenda Nakuru, Nairobi na pwani. Na pwani nako Grogan alikuwa ameshajipatia ardhi ya ufuo huko Mbaraki, Mombasa, penye maji ya kina. Msitu upande mmoja, gati upande wa pili, na kati yake reli iliyolipiwa na wengine.

Sitaki msomaji adhani kwamba namchukia mtu aliyekwisha kufa. Alikuwa jasiri, mwenye akili kali, na asiyeogopa kuanza upya. Lakini kuna siku moja katika maisha yake ambayo haiwezi kuachwa nje kwa ajili ya adabu. Tarehe 14 Machi 1907, mbele ya jengo la mahakama Nairobi, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, Grogan aliwacharaza viboko hadharani wavuta rikisho watatu wa Kikuyu waliodaiwa kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Hawakuwa wamehukumiwa na mtu yeyote. Hakimu alijaribu kuingilia kati asisikilizwe. Grogan alishtakiwa, na shtaka lenyewe ni la kusomwa mara mbili: mkusanyiko usio halali. Kuwapiga watu hakukuwa kiini cha kesi. Kilichoikasirisha serikali ni umati kukusanyika bila ruhusa. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, nacho akakitumikia katika nyumba kilimani, wala si katika jela ya kawaida. Wale watatu walibaki na makovu yao, na katika simulizi nyingi hawana hata jina.

Na Gertrude je? Katika maandishi mengi ya walowezi wake zao huonekana kama fanicha: wapo chumbani, hawasemi. Gertrude alimfuata mumewe katika nchi ambayo hakuichagua, akazaa mabinti, akagawanya maisha yake baina ya Kenya na Uingereza, na mali aliyotoka nayo kwao haikuwa kitu kidogo katika familia ambayo baba yake alipenda kubahatisha. Alifariki mwaka 1943. Miaka minne baadaye, 1947, Grogan alitoa ardhi huko Muthaiga kwa ajili ya hospitali ya watoto, ikaitwa kwa jina la mkewe: Gertrude's Garden. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Wazungu, kama zilivyokuwa nyingi za wakati ule. Leo ni hospitali kubwa ya watoto, na mzazi anayekimbia usiku na mtoto mwenye degedege hulitamka jina la Gertrude bila kumfikiria mwenye nalo.

Majina yana safari za ajabu kuliko watu. Nyumba aliyoijenga Grogan Nairobi aliiita Chiromo, na jina hilo ndilo linalobebwa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi inayofundisha sayansi. Wanafunzi wetu wanaofuzu huko wanatembea juu ya kiwanja chake. Hoteli yake ya Torr's, iliyofunguliwa mwaka 1928 na kuwa kitovu cha anasa za walowezi, jengo lake lilikuja kuwa benki. Ngome yake juu ya kilima karibu na Taveta ingalipo, na ardhi ya mkonge iliyoizunguka imekuwa chanzo cha manung'uniko ya maskwota kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Mwenyewe alifia Cape Town mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 92, katika nchi ambayo siasa zake bado zilikuwa zile alizozipenda.

Barabara ya Grogan jijini Nairobi ilibadilishwa jina ikawa Kirinyaga. Serikali iliandika hivyo kwenye vibao, lakini mafundi wa magari, wauza vipuri na wachomeleaji waliojaa sehemu ile wameendelea kuiita Grogon. Katika mtaa wa Korogocho kuna kijiji kizima kiitwacho Grogan. Hivyo bwana wa ekari 64,000 amekuwa jina la mahali ambapo watu hupigania futi kumi za kutandika spana zao, nao hufurushwa mara kwa mara kwa kukosa kile alichokuwa nacho yeye, yaani karatasi.

Sasa nirudi kwenye neno langu. Je, Grogan alikuwa mwanzilishi? Wa kiwanda, ndiyo. Wa biashara ya mbao kwa kiwango kile, ni miongoni mwao. Lakini wa msitu, la, na wa maarifa ya msitu ndiyo kabisa siyo. Idara ya Misitu yenyewe ilipoanza, mnamo 1910 hivi, kuwaruhusu wakulima walime mahindi na maharagwe baina ya miche ili waitunze, ilikuwa inakopa jembe na jasho la wenyeji kurudishia kile misumeno ilichomeza. Miti iliyopandwa ilikuwa ya kigeni na ya kukua haraka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na subira ya miaka mia kusubiri mwerezi. Na msitu uliobaki huko Lembus ndio unaolisha mto Perkerra, ambao nao umenywesha mashamba ya Marigat tangu miaka ya 1950. Mwerezi unaoanguka Maji Mazuri hatimaye hupunguza maji ya mtu aliye joto kali bondeni, na udongo unaoachwa uchi huenda kulifanya Ziwa Baringo kuwa jekundu.

Kwa mwalimu wa Athi River au Machakos anayetafuta ziara ya siku moja ya darasa la historia, napendekeza njia hii, ambayo haihitaji fedha nyingi. Waanzieni njia panda ya Namanga, wanafunzi wahesabu malori ya mbao kwa nusu saa na kuwauliza madereva wametoka wapi. Kisha waende Nairobi hadi Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi, ambako barua za maafisa wa kikoloni zimehifadhiwa. Mwalimu aandike kuomba nafasi mapema. Hapo wasome kwa macho yao jinsi msitu unavyoombwa, unavyojadiliwa na unavyotolewa. Kutoka hapo hadi Barabara ya Kirinyaga ni mwendo mfupi wa miguu. Waulize fundi yeyote kwa nini mahali hapo huitwa Grogon, na majibu watakayopewa wayaandike daftarini kama yalivyo, bila kuyasahihisha.